Masega Mawili ya Wenyewe

Mimi sijui kukaa. Shule niliacha kidato cha pili, na haikuwa ada wala ujinga, ni matako tu yalikataa benchi. Kanisani natoka nje mara tatu kabla ya sadaka. Kwa hiyo mtu akikwambia Niyitegeka wa Kitahana, yule wa bodaboda, alikuwa anashinda kwenye kigoda anapanga karata zenye picha za majitu, utasema huyo anaongopa. Haongopi. Nilikaa. Nilikaa kwa ajili ya kaka yangu.

Kaka yangu ni Ildefonsi, sisi tulimwita Fonsi. Huku kwetu kila mtoto anapewa jina lake, usitafute ukoo kwenye majina. Yeye Ildefonsi, mimi Niyitegeka, mama mmoja, baba mmoja. Baba alituachia mizinga ya nyuki, na Fonsi akaongeza yake. Mimi nilikuwa mbebaji tu. Kupanda sikutaka. Yeye alipanda mti kama anapanda kitandani.

Alikuwa na tabia moja aliyoitoa kwa baba. Akirina asali, hata mzinga uwe umejaa vipi, anaacha masega mawili humo ndani. Anasema, "Mawili ya wenyewe," anafunga mzinga, anaupiga piga kwa kiganja kama mtu anayembembeleza mtoto, anashuka. Mimi niko chini na ndoo, nampigia kelele.

"Fonsi, hayo mawili ni chupa nzima!"

"Ukimaliza, wanahama," anasema. "Wewe ukirudi nyumbani ukakuta sufuria tupu na kitanda kimebebwa, utalala hapo?"

Mwaka juzi, kiangazi kinaanza, alipanda mninga ulio ng'ambo ya shamba letu kutundika mzinga mpya wa magome. Kamba haikukatika. Tawi halikuvunjika. Mzinga alishaufunga, tena vizuri, mpaka leo uko juu. Ila mguu wake ukateleza. Nilimkuta chini anacheka. "Niyi, miguu yangu mmeiweka wapi? Siisikii." Alicheka hivyo hivyo mpaka tulipomfikisha barabarani. Hakuisikia tena.

Alilazwa Kasulu, wakafanya walichoweza, tukarudi naye nyumbani. Mama yetu Theodosia alihamisha kitanda chake kwenye chumba cha mbele ili mlango ukiwa wazi auone ule mninga. Na nyuki waliingia kwenye ule mzinga, wapumbavu wale. Mzinga uliomvunja mgongo ndio uliojaa kuliko yote.

Sasa karata. Karata zililetwa na Ange. Ange alikuwa mchumba wake Fonsi, binti wa Kirundi, wao walikuwa kwenye kambi ya wakimbizi. Baada ya ajali watu walisema hatakuja tena. Akaja, na boksi chini ya kwapa. Kuna mwalimu wa Kifaransa alimaliza kazi kambini akamwachia boksi la mchezo, karata zaidi ya mia tatu, zimeandikwa Kifaransa, na Ange alikuwa ameandika Kiswahili kwa kalamu ya wino juu ya kila moja.

Siku ya kwanza niliuliza, "Sasa hapa nani anamfunga nani?"

"Hakuna anayemfunga mwenzake, sha," Ange akasema; sha kwao ni kama ndugu yangu. "Sisi watatu tuko upande mmoja. Tunapigana na huyu."

Akanionyesha karata kubwa. Jitu limeshika mlima kama mtu anavyoshika mhogo, nusu limeshautafuna. Kifaransa chake sikijui. Ange alikuwa amemwandika Mlamlima.

Mchezo uko hivi. Kila mtu anajitengenezea bunda lake la karata thelathini kutoka kwenye boksi. Bunda lako ndilo jeshi lako. Mlamlima naye ana bunda lake, kila raundi mnafunua karata yake moja na inawaumiza. Kila mchezaji ana damu yake ya kuhesabu, Mlamlima ana damu yake. Ikiisha ya kwake, mmeshinda wote. Ikiisha ya mmoja wenu, hata wengine wawe wazima kama ng'ombe, mmekufa wote. Na karata ikishalala mezani imelala, huirudishi mkononi. Hiyo sheria Ange alikuwa mkali nayo kama hakimu.

Wadogo wa Mlamlima, yale majitu dhaifu ya kuanzia, tuliwaua wote. Yeye mwenyewe hatukumuua hata mara moja. Halafu familia ya Ange wakarudi Burundi. Baba yake aliamua, wakapanda basi na wenzao. Siku aliyokuja kuaga hakulia. Alikunja blanketi la Fonsi vizuri, akamwekea boksi kifuani.

"Siku mkimuua yule, nitasikia huko."

"Utasikiaje?" Fonsi akauliza.

"Nitasikia tu."

Alipotoka, Fonsi aliniambia nimgeuzie uso ukutani. Nikamgeuza.

Mchezo unataka watu watatu, kwa hiyo nilimleta Mansuri. Mansuri ni rafiki yangu, ana duka la vifaa vya ujenzi Kibondo mjini, baba yake ana lingine Kasulu. Mwislamu safi, hachezi kamari, kwanza alikataa hata kushika karata. Nilimwambia humu hakuna anayemla mwenzake. Alikaa kuangalia, akaangalia, mwisho akasema, "Huyu jitu Wallahi ana dharau," akavuta kigoda. Basi.

Halafu kikaja kidonda. Mtu asiyejigeuza anaoza mgongo, hilo sikulijua, sasa nalijua. Mama alimgeuza, mimi nilimgeuza, bado kikaja, chini kabisa ya mgongo, kikachimba. Mganga wa zahanati alikiangalia, akatuita nje, akasema huyu apelekwe Kasulu wakikate na kukisafisha, na asicheleweshwe, kwa sababu kikifika kwenye mfupa basi tena.

Fonsi akakataa.

"Fonsi, kinanuka," nikamwambia. Ndivyo nilivyo, nasema. Mama akanitupia jicho.

"Najua kinanuka. Miguu ndiyo iliyokwenda, pua bado ninayo."

"Sasa?"

"Sasa siendi. Kule nilikuwa nageuzwa kama chapati. Watu wanne, moja mbili tatu, haya geuza. Watu wazuri, sina neno nao. Lakini nilikuwa naangalia dari, Niyi. Asubuhi dari, jioni dari. Hapa naona mti wangu."

"Mti ndio uliokuua!"

"Sijafa."

Mama alimsihi kwa Kiha, taratibu, jinsi anavyoongea na mtu ambaye ameshamjua. Padre alikuja. Mansuri akasema pikapu ya duka ipo, godoro litawekwa nyuma, tutaenda polepole. Kwa wote alitabasamu na kwa wote alikataa. Mtu mzima, akili zake timamu, utamfanyaje? Utambeba anapiga kelele barabara nzima mpaka Kasulu?

Ndipo nikasema lile neno. Tulikuwa tumetoka kupoteza tena kwa Mlamlima, Fonsi anakusanya karata zake.

"Tukimuua huyu, unaenda."

Akaniangalia. "Na tukipoteza?"

"Nakaa kimya. Sikutajii Kasulu tena."

"Wewe? Kukaa, na tena kimya?" Alicheka mpaka akakohoa. Alipomaliza kukohoa uso ulikuwa mwingine. "Sawa. Mara moja tu. Jumapili ijayo. Ila mimi nacheza na nyuki."

Mansuri akashika kichwa. "Nyuki! Fonsi, ndugu yangu, nyuki ni takataka za lile boksi."

Na kweli. Karata ya Nyuki ilikuwa inauma damu moja tu, halafu inakufa, inaenda shimoni, haitumiki tena. Zilikuwa kumi na mbili, na hakuna aliyewahi kuzigusa. Mimi nilikuwa nacheza na Radi, zinapiga damu nane kwa mpigo. Nikamwambia sawa, nyuki weka, lakini changanya na Radi zangu tatu.

"Umeshaona radi na nyuki wakikaa mti mmoja?"

"Ni karata, Fonsi!"

"Ndiyo. Na mimi bunda langu ni mzinga. Kisichokaa mzingani hakiingii."

Nilitoka, nikawasha pikipiki, nikaenda mpaka Kumsenga bila abiria. Nilikuwa na hasira ya kupasuka. Halafu kesho yake nikarudi, nikakaa kwenye kigoda, nikamwaga boksi zima kwenye mkeka. Kwa sababu kama ni nyuki, basi lazima nyuki washinde.

Tulipanga wiki nzima. Na hapa niseme ukweli, kaka yangu alikuwa ameona kitu ambacho sisi hatukukiona. Alikuwa anazisoma zile karata kama anavyosoma msitu. Kulikuwa na karata inaitwa Mzinga. Ukiwa nayo mezani, nyuki akifa haendi shimoni, anaingia chini ya Mzinga. Asali inarudisha damu, kwako au kwa mwenzako, kwa hesabu ya nyuki waliomo chini ya Mzinga. Moshi unamlaza adui raundi moja. Halafu Malkia, karata moja tu kwenye boksi zima: toa nyuki unaotaka kutoka mzingani, wapige wote pamoja, na kila mmoja anauma mara tatu.

"Umeona?" Fonsi akasema. "Nyuki anakufa akiuma. Hilo kila mtu analijua. Lakini hapa kufa kwake ni kuingia nyumbani. Wakiingia wote, unamwita mama yao."

Nilihesabu kwa vidole. Kumi na wawili mara tatu. Thelathini na sita kwa mpigo mmoja.

Tatizo ni kwamba hayo yote yanataka raundi nyingi, na bunda la nyuki ni laini kama ugali wa mgonjwa. Mlamlima angemmaliza Fonsi mapema sana. Kwa hiyo nikavunja bunda langu. Radi zote nikarudisha kwenye boksi, iliniuma, nikajaza Miti. Karata za Miti hazipigi mtu, zinasimama tu na kupokea kipigo cha jirani yako. Mimi, ambaye sijawahi kutulia, nikawa msitu. Mansuri naye akajaza Wachuuzi, ambao kazi yao ni kuchimba karata haraka kutoka bundani na kumpa mwenzako moja kutoka mkononi mwako. Mzinga ni wa Fonsi, mti wa kuushika ni mimi, wa kuleta Malkia ni Mansuri. Bunda moja peke yake lilikuwa takataka. Matatu kwa pamoja yalikuwa mnyororo.

Nilifanya mazoezi hata kijiweni, karata nimezipanga juu ya siti ya pikipiki. Salumu, dereva mwenzangu, akaja kuchungulia.

"Niyi, huo ni uganga au kamari?"

"Ni hospitali."

"Hospitali ya nyuki? Basi dozi yake kali." Akawaita wengine. "Jamani, njooni muone, huyu akikosa abiria anabeba nyuki!"

Abiria wakaja, nikawaambia subiri. Mmoja akapanda pikipiki ya Salumu. Sikujali. Nilicheza nafasi za wote watatu mwenyewe, mara nyingi, mpaka nikajua ni wapi inakatika. Ilikuwa inakatika kwa Mansuri. Yeye hakuwa na ngao yoyote, angepungua damu mpaka mwisho. Lakini nikiweka Miti yangu kwa Fonsi tu, na Mansuri avumilie, Malkia alikuwa anafika kwa wakati. Nikawaeleza. Mansuri akasema, "Mimi nitavumilia. Mimi ni mfanyabiashara, nimeshazoea kupungua."

Jumapili ikafika. Mama alitoka kanisani, akakaa mlangoni anapukuchua maharage, mgongo ametupa sisi, lakini nilijua anasikia kila kitu. Alikuwa anaziita zile karata mambo ya giza. Siku hiyo hakusema. Fonsi tulimlaza ubavu, mito mgongoni, ubao umewekwa kitandani mbele yake. Alikuwa amekonda, kola ya shati ilimzidi. Mansuri alileta soda. Mlango wazi, mninga ule pale, jua zuri.

Tulianza vibaya. Karata mbili za kwanza za Mlamlima zilimng'ata Mansuri. Halafu Mzinga ukaja mkononi kwa Fonsi, akaulaza, akaupiga piga kwa kiganja. Nyuki wa kwanza akauma, akafa, akaingia chini. Wa pili. Mimi naweka Miti, inapigwa, inaanguka, naweka mingine. Fonsi aliweka Moshi, jitu likalala, tukapumua. Nyuki sita. Nyuki saba.

"Mansuri, unaonaje hali?" Fonsi akauliza.

"Nina damu nne, lakini nina imani."

"Chukua Asali."

"Usipoteze Asali kwangu, bwana, jitunze wewe."

"Chukua. Mzinga umejaa, nimnyime jirani?"

Akamrudishia damu. Mlamlima akaiondoa tena. Hapo hakuna aliyekuwa anacheka. Mama maharage yalikuwa yameisha kwenye ungo na alikuwa bado anapitisha mikono kwenye maganda. Nyuki wa kumi na mbili akauma, akafa, akaingia. Wote wakawa ndani. Mlamlima alikuwa amebakiwa na damu thelathini na tano. Mansuri alikuwa na mbili.

Mansuri akavuta karata. Akaiangalia. Akalaza Mchuuzi, na ile karata akamkabidhi Fonsi kwa mikono miwili kama mtu anayetoa mahari.

Malkia.

Mimi nilishasimama. Thelathini na sita kwa thelathini na tano! Nilikuwa nimeshaona pikapu, nimeshaona godoro, nimeshaona madaktari wanamsafisha na yeye anawatania. "Waite, Fonsi," nikasema. "Waite!"

Fonsi akalaza Malkia. Akainua karata ya Mzinga kwa vidole viwili, taratibu, kama mtu anayeogopa kuumwa, akaanza kuwatoa nyuki, mmoja mmoja, anawapanga ubaoni kwa mstari. Katikati alinyanyua macho akaangalia nje, kule kwenye mninga. Akaendelea. Halafu akarudisha karata ya Mzinga mahali pake, akaipiga piga kwa kiganja.

"Wamepiga," akasema.

Nikahesabu. Nikahesabu tena.

"Fonsi. Hawa ni kumi."

"Eeh?"

"Kumi! Wawili wako ndani! Umeacha wawili!"

Akaiangalia ile karata ya Mzinga. Akaangalia mkono wake. Sijui nikueleze vipi ule uso. Haukuwa wa mtu aliyeshtuka, na haukuwa wa mtu aliyekamatwa.

"Ah," akasema. "Mkono umezoea."

"Basi watoe," Mansuri akasema haraka. "Hakuna refa hapa, ndugu yangu, hakuna aliyeona. Watoe tu."

"Karata imelala."

"Fonsi, ni mchezo!"

"Ulikuwa mchezo wiki nzima?" Fonsi akamuuliza, kwa upole tu. "Funua ya Mlamlima, Niyi."

Sikufunua. Alifunua mwenyewe, kwa kujinyoosha, na jasho likamtoka kwa maumivu. Ilikuwa Njaa: kila mmoja apoteze damu tatu. Mimi nilikuwa nazo nyingi. Fonsi alikuwa nazo nyingi. Mansuri alikuwa na mbili.

"Tumekufa wote," Fonsi akasema, akaanza kukusanya nyuki.

Nilipiga kigoda teke kikagonga ukuta. Nilimwambia maneno ambayo siyaandiki. Nilimwambia kuwa amefanya makusudi, kuwa hatutaki, kuwa anataka mama amzike. Mama akainuka pale mlangoni, akasema neno moja tu, "Niyitegeka," nikatoka nje. Nyuma nilisikia Mansuri analia, mtu mzima na duka lake, anasema samahani, samahani, mimi ndiye niliyekufa.

Na mimi nikatimiza ahadi. Hilo ndilo linalonikera mpaka leo. Maisha yangu yote sijawahi kukaa kimya, na mara moja niliyotakiwa kupiga kelele mpaka nyumba ianguke, nikakaa kimya. Nilimgeuza, nilimsafisha, nilimlisha. Kasulu sikuitaja. Karata hatukugusa. Yeye aliniuliza habari za kijiweni, nikamjibu. Asubuhi alikuwa anasikiliza nyuki wa ng'ambo. Mimi sikuwasikia. Yeye alisema anawasikia.

Mvua zilipoanza ikaja homa. Siku ya kwanza aliongea, siku ya pili alikuwa anaongea na baba. Mama akamshika paji la uso, akaniambia, "Sasa hawezi kukataa. Mpakie."

Mansuri alikuja na pikapu bila hata kufunga duka. Mama akakaa mbele na Mansuri, mimi nyuma na Fonsi, chini ya turubai. Sikuweza kukaa. Nilikuwa nimechuchumaa, nainuka, naangalia tumefika wapi, nachuchumaa tena. Karibu na Kasulu akafumbua macho, yakawa macho yake yale yale ya zamani.

"Fonsi," nikamwambia, "niambie. Wale wawili. Ulifanya makusudi?"

Akageuza kichwa upande wangu.

"Niyi, kaa," akasema. "Kaa tu hapa."

Nikakaa. Akaweka mkono kwenye goti langu. Mvua inapiga turubai. Hakusema kingine, wala hospitalini hakusema kingine. Walimpokea vizuri, walihangaika naye usiku na mchana wake, daktari mwenyewe alikuja kumwambia mama. Kilikuwa kimeshafika kwenye mfupa.

Tukamzika Kitahana. Ange tulimpigia simu. Upande ule tulisikia tu watoto na kuku nyuma yake, mwisho akauliza, "Mlimuua yule?" Nikamwambia hapana. Akasema sawa, akakata.

Wakati wa matanga hakuna kushika jembe wala kugusa mizinga. Kwa hiyo nilikuwa na mikono mitupu. Siku moja watu wametawanyika, nikafungua boksi, nikapanga kila kitu kama kilivyokuwa ile Jumapili. Miti yangu. Damu mbili za Mansuri. Thelathini na tano za jitu. Nikainua Mzinga, nikatoa nyuki wote kumi na wawili, nikawalaza. Mlamlima akafa.

Basi. Alikufa hivyo tu. Nilikaa namwangalia na mlima wake mdomoni. Nilidhani nitasikia kitu.

Tulipoondoa matanga, mama akasema mizinga irinwe, asali ya kuwapa waliotusaidia. Nikamwambia nitapanda mimi. Akanitazama, akaenda kuleta kamba ya Fonsi. Nilianza na ule wa mninga. Nilipanda kwa hofu, moshi unaniingia machoni, nyuki wananiuma shingoni na kwenye kope, sikujali hata kidogo. Nilifungua mzinga. Ulikuwa umejaa mpaka mlangoni. Nikakata sega, nikakata, naangushia kwenye ndoo iliyofungwa kamba. Yalipobaki mawili nikasimamisha kisu.

Nilijua. Nisikudanganye kwamba sikujua. Nikayakata. Moja, la pili. Nikakwangua na kuta.

Mama alikuwa chini. Akaangalia ndani ya ndoo, akaniangalia mimi niliyevimba uso.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

Akabeba ndoo, akaondoka.

Siku chache baadaye nilikuwa nakunywa chai chumba cha mbele, nimekaa kwenye kitanda chake, mlango wazi. Kuna kitu kilikuwa kimepungua na sikujua ni nini. Nikatoka, nikavuka shamba, nikasimama chini ya mninga. Nikaweka sikio kwenye shina. Nikapanda. Ndani ya mzinga kulikuwa na nyuki wanne waliokufa na sisimizi.

Kumbe nilikuwa nawasikia. Asubuhi zote zile, nilikuwa nawasikia na mimi.

Nilishuka, nikachukua nta nyumbani, nikaipasha moto, nikapanda tena nikapaka ndani ya mzinga kama alivyokuwa anafanya, kila kona. Nyuki wanaotafuta nyumba wakinusa nta wanaweza kuingia. Wanaweza. Mansuri alipita jana, ameleta sukari kwa mama, akaliona boksi juu ya kabati. Akauliza kama tutacheza tena siku moja, tumtafute wa tatu.

Nikamwambia akae kwanza. Tukakaa mlangoni wawili, tunaangalia mti. Jua likapanda. Hakuna kilichoingia, hakuna kilichotoka.